Kitundu Juu ya Skrini

Mtaani walimpa jina la Prodyuza kabla hajatoa hata wimbo mmoja, na kama unawajua watu wa mtaani, unajua jina kama hilo halikuwa la heshima. Asubuhi alikuwa mtu wa kutoa nakala za vyeti na kuchapa barua za kuomba kazi kwenye kiduka cha fotokopi. Mchana akirudi nyumbani anafungua kompyuta na kugeuka mtu mwingine kabisa. "Prodyuza, leo unatoa wimbo au unatoa fotokopi?" walimtania. Akacheka nao, akalichukua jina, akalivaa, na baada ya miaka mitatu likamkaa. Vijana wakaanza kuja na mashairi kwenye simu zao. Hata fundi viatu wa pale kona alikuja kurekodi tangazo lake, akalisoma mara kumi na nne kwa sababu kila akifika kwenye neno "soli" anacheka.

Studio, tuiite studio kwa vile mwenyewe aliiita hivyo, ilikuwa nyumba yao ya vyumba viwili na jiko. Chumba cha kulala ndicho cha kuimbia. Godoro la zamani limesimamishwa ukutani, blanketi mbili zimening'inizwa dirishani, na kabati la nguo linaachwa wazi kwa sababu nguo humeza mwangwi. Maiki ilifungwa kwenye shingo ya taa mbovu ya mezani, na mbele yake ilivutwa soksi ndefu ya mkewe juu ya waya wa duara, ili mwimbaji akitamka "pa" au "ba" pumzi isipige maiki kofi. Mkewe aliitafuta soksi hiyo wiki nzima kabla hajaikuta pale ikiwa kazini. Waya wa maiki ulipita chini ya mlango hadi sebuleni, ilipokaa kompyuta juu ya vikombe vinne vilivyopinduliwa, maana feni yake ilihitaji kupumua.

Na kweli ilihitaji. Hii ilikuwa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumiwa na watu wengine wawili, na programu ya muziki ni mzigo. Kila unachoongeza, ngoma, kinanda, mwangwi, kompyuta inakipigia hesabu wakati huohuo wimbo unapokwenda. Juu ya skrini kuna kijimstari kinachoonyesha inavyohema: kijani, njano, halafu nyekundu. Kikifika nyekundu sauti inaanza kukwaruza kama mafuta ya kukaangia, na usipokuwa mwepesi programu inajifunga yenyewe. Prodyuza alizijua mbinu zote za kuibembeleza. Alizima mtandao, akaondoa hata picha ya nyuma ya skrini. Lakini programu ile ilikuwa na tabia moja mbaya asiyoweza kuitibu: ikianguka na kufunguliwa upya, inaisahau maiki ya nje. Inarudi kusikiliza kwa maiki ya kompyuta yenyewe, kile kitundu kidogo cha kupita sindano, juu ya skrini.

Wanaofanya kazi hii wote wanalijua hilo. Kwa hiyo wana sheria: programu ikianguka, ukiifungua, kabla ya lolote mwambie mwimbaji agonge maiki kwa ukucha, na wewe usikilize kwenye hedifoni. Ukisikia ukucha, endelea. Prodyuza aliwafundisha vijana watatu sheria hiyo, tena kwa ukali.

Shangazi yake alikuja Jumatatu. Huyu ni dada wa baba yake, mwalimu wa watoto wadogo kwa miaka thelathini na mmoja, na ndiye aliyemlea Prodyuza tangu ana miaka sita, wazazi wake walipotangulia. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na yule mama alilea. Siku za kazi alifundisha, Jumamosi na Jumapili alishona sare za shule. Halafu ikaja siku mpwa wake akasema anataka kompyuta ya muziki, na wiki iliyofuata cherehani haikuwepo tena kwenye kona yake. Shangazi alisema macho yake yamechoka kushona. Macho yake yalikuwa mazima.

Sasa kilichochoka kilikuwa koo. Alikuwa na kinundu kwenye nyuzi za sauti, na Alhamisi alikuwa anaingia kupasuliwa. Daktari hakumficha: sauti inaweza isirudi.

"Sitaki kuimba ili nisifiwe," alimwambia Prodyuza, akiweka mfuko wake wa kitambaa kwenye kiti. Sauti yake tayari ilikuwa na mikwaruzo. "Zile nyimbo zangu tatu za darasani, unazikumbuka? Mwalimu mpya hazijui. Maneno nimemwandikia, lakini tuni haiandikiki, mimi siwezi. Nikitoka kule bila sauti, ndiyo basi, zimekwenda. Watoto watasoma kwa kitu gani?"

"Usijali, shangazi. Umefika mahali pake."

"Na usiniwekee mangoma. Watoto hawahitaji mangoma."

Akamwekea mangoma. Ndivyo alivyokuwa, hakuweza kuiacha sauti peke yake kama mtu mwingine anavyoshindwa kuacha kujikuna. Wimbo wa kwanza, wa kuhesabu vidole, uliingia vizuri kabisa, na shangazi mle chumbani aliimba masikio matupu, kwa sababu hedifoni zilimchemsha kichwa. Prodyuza akauhifadhi. Halafu akaanza kuuongezea hiki na kile, ngoma nne, filimbi, mwangwi wa kanisa zima, kijimstari kikapanda njano, kikapanda nyekundu, na programu ikajifunga puu.

"Vipi?" shangazi aliuliza kutoka chumbani.

"Kidogo tu, shangazi. Naifungua upya."

Ilipofunguka, kabla hajasema neno lolote kuhusu ukucha, simu ikalia. Alikuwa Kishindo.

Huyu Kishindo alikuwa msanii, nyimbo zake zilipigwa redioni na kwenye magari ya watu. Kwa miezi minane Prodyuza alikuwa akimtumia biti zake, na kwa miezi minane alikuwa akiona alama ya kwamba zimesikilizwa, jibu hakuna. Sasa jina lake lilikuwa linawaka kwenye simu. Prodyuza akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaona kijimstari cha sauti kinaruka, akapaza sauti kuelekea mlangoni, "Shangazi, inarekodi, we endelea tu nyimbo zote mbili!" Akavua hedifoni, akapokea.

Kijimstari kiliruka, ndiyo. Kiliruka kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaongea mbele ya skrini.

"Prodyuza, ile biti yako ya tatu nimeisikia," Kishindo alisema. Simu ilikuwa inakatakata, nyuma yake kulikuwa na watu. "Ina kitu."

"Kaka, nashukuru sana. Nashukuru kweli."

"Uko studio?"

"Niko studio, kaka, ndiyo kazi."

"Mbona nasikia bibi anaimba huko? Umefungua chekechea?"

Wale watu wa nyuma wakacheka. Na hapa ndipo mimi ninapomkasirikia mtu huyu, maana jibu lilikuwa rahisi. Ni shangazi yangu, amenilea. Maneno manne, hata pumzi hayamalizi. Lakini alimwona Kishindo kichwani mwake, na wale wanaocheka, na studio kubwa zenye vioo, na akaona godoro lake la ukutani na soksi ya mkewe, akasikia haya. Aliona haya kwa jambo lisilo na haya.

"Achana naye huyo, kaka," alisema, kwa sauti ya juu kwa sababu simu ilikuwa mbaya. "Bibi mmoja wa jirani tu, kaning'ang'ania nimrekodi. Anakwaruza kama mlango uliokosa mafuta. Namridhisha tu, akitoka nafuta."

Wakacheka tena, na yeye akacheka nao. Waliongea dakika kama kumi, habari za biti, habari za "nitakutafuta", na kabla ya kuagana akairudia tena ile ya "nafuta", wakacheka mara nyingine. Simu ilipokatika, shangazi alikuwa amemaliza nyimbo zote mbili. Alitoka chumbani taratibu, akasimama karibu na meza, mkono kooni.

"Zimeingia?"

"Zimeingia, shangazi, tena vizuri."

"Zote mbili?"

"Zote."

Alimtazama kwa muda. Prodyuza alifikiri amechoka, akamletea maji. Akanywa, akachukua mfuko wake. "Haya, mwanangu," alisema. "Ukiwa na la kuniambia, nipo hadi Alhamisi."

Yeye alidhani anazungumzia marekebisho ya wimbo. Alhamisi alimpeleka hospitali, akambebea mfuko, akakaa naye kwenye benchi hadi jina lake lilipoitwa, akamwambia Mungu ni mwema. Shangazi alimshika kiganja hadi mlangoni, hakusema kitu. Hayo ndiyo yangekuwa mazungumzo yao ya mwisho yenye sauti mbili, nayo yalikuwa kimya.

Jumamosi asubuhi alifungua kazi ile ili aisafishe. Akaona ajabu kwenye skrini. Wimbo wa kwanza ulikuwa na mawimbi manene, yaliyoshiba. Wa pili na wa tatu zilikuwa uzi tu, halafu hapa na pale vilima vikubwa vikubwa. Mtu wa kazi hii anayasoma mawimbi kama wewe unavyosoma uso wa mkeo, na Prodyuza alijua kuna jambo kabla hajalisikia. Akapandisha sauti ya spika, akabonyeza.

Kwanza ikaja feni, inavuma. Nyuma ya feni, mbali, kama mtu aliye nyumba ya tatu, shangazi anaimba. Halafu, karibu, safi, kila herufi mahali pake: "Bibi mmoja wa jirani tu, kaning'ang'ania nimrekodi."

Mkono haukuwahi kufika kwenye kitufe. Sentensi yote ikapita sebuleni, pamoja na mlango na mafuta yake, pamoja na "akitoka nafuta", pamoja na kicheko. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono imelowa maji.

"Huyo bibi wa jirani," mkewe aliuliza polepole, "ndiye yule aliyeuza cherehani ukanunua hiyo kompyuta?"

Prodyuza akashusha sauti ya spika.

"Kweli asante ya punda ni mateke," mkewe akasema, akarudi jikoni, na siku hiyo nzima vyombo ndivyo vilivyoongea ndani ya nyumba ile.

Basi Prodyuza akaanza kazi ya kujificha. Siku tatu alikaa mbele ya skrini akijaribu kuitoa sauti yake na kuiacha ya shangazi. Feni aliweza kuipunguza, maana feni ina mvumo wake mmoja na programu inaujua. Lakini mtu na mtu? Programu haijui nani ni nani. Alipoipandisha sauti ya shangazi, na yeye akapanda. Alipojishusha mwenyewe, shangazi akazama. Pale shangazi alipoimba vizuri kuliko pote, kwenye wimbo wa tatu, wa kuwaaga watoto jioni, "kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto, nyumbani kuna mtu anakungoja", palepale juu yake lilikaa neno "nafuta", limejinyoosha kama mgeni kwenye kochi. Huwezi kumtoa mmoja ukamwacha mwenzake.

Alijaribu kuziimba mwenyewe. Nyimbo hizi alizisoma darasani kwa shangazi, maneno aliyajua, lakini tuni ya wimbo wa tatu ina kona fulani pale mwishoni, inashuka na kupanda, na kila alipoifika alipotea. Aliipandisha sauti yake kwa programu iwe nyembamba ya kike. Ilitoka ya bata. Mkewe alipita, akasikiliza, akaendelea na safari yake.

Aibu ina tabia ya kumfanya mtu awe mwema kupita kiasi. Shangazi alipotoka hospitali walimleta kwao, na Prodyuza akawa mtu wa ajabu. Anapasha maji, anakung'uta mito, anakimbilia dawa kabla ya saa ya dawa. Shangazi alilala kwenye chumba kilekile cha kuimbia, godoro bado limesimama ukutani, na alikuwa na daftari la mistari ambalo aliandikia anachotaka: maji, dirisha, asante. Kila akiandika "asante" Prodyuza alihisi uso unamwaka, akatafuta la kufanya jikoni. Usiku alisali Kishindo asipige simu. Na Kishindo hakupiga, wala hakuwa na habari.

Wiki ya tatu walirudi kwa daktari. Daktari alimwambia afungue mdomo, aseme "a". Ilitoka pumzi. Akamwambia ajaribu tena, ikatoka pumzi. Daktari akavua kioo chake cha kichwani, akasema walifanya kila kinachowezekana, na sauti hiyo haitarudi. Shangazi aliitikia kwa kichwa kama anayepokea mahudhurio ya darasa. Njia nzima ya kurudi Prodyuza hakuweza kumtazama. Kumbe hadi siku ile, moyoni mwake, alikuwa na tumaini moja bovu: kwamba sauti itarudi, atamrekodi upya, na hakuna atakayejua.

Walipofika nyumbani shangazi aliandika: "Mwalimu mpya anakuja Alhamisi. Nataka nyimbo."

"Ziko tayari karibu, shangazi. Nazisafisha tu."

Unaona? Hata hapo aliongopa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu aliiona ndefu, akawa anaiongeza kwa mikono yake. Siku ya Jumatano alitengeneza kitu cha kufunikia. Wimbo wa kwanza aliuacha mzima, na ngoma zake akazirudisha. Kwenye wa pili na wa tatu, kila alipoongea yeye alikata, akaacha kimya. Ulibaki wimbo wenye mapengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Alhamisi mapema akampelekea kitandani, akamvisha hedifoni, akasimama karibu na kabati.

Shangazi alisikiliza wimbo wa kwanza, akatikisa kichwa kidogo kwa zile ngoma. Wimbo wa pili ulipoanza alikunja uso. Pengo la kwanza likaja, akamtazama. Likaja la pili.

"Kompyuta ilizidiwa, shangazi," Prodyuza alisema. "Ikala vipande. Hizi kompyuta za mitumba..."

Shangazi hakuandika kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akaziweka mapajani. Kimya kile kilimshinda Prodyuza, na mtu aliyeshindwa na kimya husema lolote. "Kuna mahali pa kuandika jina la mwimbaji kwenye faili," alisema. "Niandike vipi, Mwalimu au Shangazi?"

Akachukua kalamu. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, herufi za duara zinazokaa sawasawa juu ya mstari, akamgeuzia daftari.

"Bibi wa jirani."

Prodyuza aliyasoma maneno yale, akayasoma tena. Kwani alifikiri nini? Mlango ule ni mbao nyembamba. Kama sauti ya mgonjwa wa koo ilipita hadi ikafika kwenye kile kitundu juu ya skrini, sauti ya mwanamume anayepaza kwa sababu simu ni mbaya isingepitaje kwenda upande wa pili? Alikuwa amesikia. Alisimama mle ndani mbele ya soksi na godoro, akasikia kila neno, na baada ya kusikia akaimba wimbo wa tatu mpaka mwisho. Akatoka, akauliza kama zimeingia. Akampa siku tatu zenye sauti aseme, na yeye akambebea mfuko.

"Shangazi," alisema.

Shangazi aliandika tena. "Nipe zote. Na wewe ukiwemo."

"Shangazi, hazifai kusikika. Nimesema maneno..."

Alibonyeza kalamu kwenye mstari uleule mara mbili. Nipe zote.

Akaleta kompyuta yenyewe, akaiweka kitandani, akampigia kama ilivyo. Alitazama sakafu muda wote. Lakini alipoinua macho kidogo, alimwona shangazi amefumba yake, na kidole chake kinapiga shuka, moja mbili tatu, hata pale kicheko kilipopita. Hakuwa anamsikiliza yeye. Alikuwa anaifuata tuni, kama unavyomfuata mtoto wako kwa macho kwenye umati wa watu.

Akaandika: "Tuni inasikika. Mwalimu atajifunza kwa hii."

"Atasikia niliyoyasema."

"Ndiyo," shangazi akaandika.

Mkewe alikuwa mlangoni na hakumtetea. Prodyuza akatoa simu mfukoni. Sijui alitaka nini hasa, nadhani alitaka kufanya jambo lolote zito kabla mwalimu hajafika, jambo ambalo shangazi angelisikia. Akampigia Kishindo, akaweka spika. Iliita mara nyingi.

"Nani?"

"Ni Prodyuza, kaka. Siku ile uliponipigia, yule bibi uliyemsikia anaimba, nilikudanganya. Si jirani. Ni shangazi yangu wa damu, ndiye kanilea. Nilimkana."

"Bibi yupi?"

"Aliyekuwa anaimba. Nikasema ni..."

"Kaka, sikumbuki bibi yeyote. Prodyuza yupi wewe?"

Ikabidi aeleze kuanzia mwanzo, biti ya tatu, studio, mlango uliokosa mafuta, yote, neno kwa neno, shangazi na mkewe wakimsikiliza, kwa mtu ambaye alikuwa anasema "aa, sawa, sawa" na kumbe anaongea na mwenzake mwingine pembeni. Simu ilikatwa katikati. Shangazi alikuwa anatazama dirishani.

Mwalimu mpya alifika saa nne. Alikuwa binti mpole mwenye viatu vya vumbi na daftari jipya, akamwamkia shangazi kwa magoti karibu kugusa sakafu, akamwita mwalimu wangu. Hakujua lolote. Wakakaa sebuleni kuizunguka meza, shangazi kwenye kiti chenye mto, na Prodyuza mbele ya kompyuta kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuibonyeza. Wimbo wa kwanza binti aliushika mara moja. Wa pili ulipoanza, akainamisha sikio kuelekea spika, akaanza kuimba taratibu chini ya pumzi, na ile sauti ya karibu ikamkatiza: bibi mmoja wa jirani tu, kaning'ang'ania.

Binti akanyamaza. Alimtazama shangazi, akatazama spika.

"Huyu mwanamume anayeongea ni nani?" aliuliza.

Shangazi hakuwa na sauti ya kujibu. Mkewe alikuwa nayo, hakuitumia.

"Ni mimi," Prodyuza alisema.

Binti alishusha macho haraka kwenye daftari lake, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Akalaza ukurasa kwa kiganja. Wakaendelea. Wa pili akaushika baada ya mara nne, wakaingia wa tatu, kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto, mpaka kwenye ile kona ya mwishoni ambapo tuni inashuka na kupanda, chini ya neno "nafuta" na kicheko chake. Binti akapotea. Shangazi akainua kidole: hapana, siyo hivyo.

"Samahani, kaka," binti alisema bila kumtazama. "Naomba urudie hapo."

Akarudisha, wakasikiliza. Akakosea tena, akaomba tena. Walirudia mara kumi na moja ndipo akaipata.